Habari na Hongo Yake

Sisi watu wa Unyamwezi tumeijua njia kabla ya kuijua barabara na reli. Katika karne ya 19 nchi yetu ilikuwa kitovu cha njia kuu ya misafara iliyoanza Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Tabora, na hapo ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine likipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Babu zetu walikuwa wapagazi wa njia hiyo. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Na juu ya mizigo hiyo iliyopimwa kwa frasila walibeba mzigo mwingine usio na uzito, nao ni habari. Kijiji chetu cha Ntalikwa kimo katika nchi hiyo ya Tabora, na mpaka leo mzee wa hapa akikutana na mtu atokaye safari hamwulizi kwanza ameleta nini, bali humwuliza habari za huko atokako.

Yeyote aliyesoma historia ya njia ile amekutana na neno hongo. Siku hizi neno hilo lina uvundo, kwa kuwa twalitumia kwa maana ya rushwa. Lakini zamani hongo ilikuwa ushuru wa wazi aliotozwa mwenye msafara na mtawala wa nchi aliyoipita. Misafara ilitoa hongo kubwa Ugogo, na mwaka 1871 ugomvi juu ya ushuru na biashara ulikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya Mtemi Mirambo aifunge njia ya Ujiji mbele ya wafanyabiashara wa Tabora. Hongo ilikuwa na kanuni zake. Ilijadiliwa hadharani, mara nyingine kwa siku kadhaa. Ilitolewa kwa sababu inayojulikana: kupita kwa amani, kuteka maji, kununua chakula. Tena aliyeilipa ni mwenye mali. Mpagazi aliyechoka mabega hakuambiwa atoe shanga zake mwenyewe ili mzigo wa tajiri upite. Twamwomba ndugu msomaji aishike kanuni hii ya mwisho, maana ndiyo mzizi wa yote tutakayoyasema kuhusu televisheni na namna tulivyohamishwa kutoka analojia kwenda dijitali.

Kabla ya televisheni palikuwa na redio, na redio iliingia vijijini bila kutozwa kwa mwezi. Aliyenunua redio alinunua na mawe yake, yaani betri, na hayo yakiisha nguvu aliyaanika juani yapate uhai wa siku mbili tatu zaidi. Kuanzia hapo sauti ya taifa ilikuwa yake na ya majirani zake. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini kote walijiunga katika vikundi vya kusikiliza. Wakakaa chini ya miti, wakasikiliza kipindi, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Katika kazi zile mwenye habari alikuwa taifa, na taifa ndilo lililobeba gharama ya kuifikisha. Mwananchi alichangia masikio yake, akili yake na jembe lake. Kanuni ya njia ya zamani ilikuwa imehifadhiwa.

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Lakini upande wa Bara serikali iliona kuwa hicho ni chombo cha anasa, kitakachowafaa wachache wa mijini kabla wengi wa vijijini hawajapata maji na zahanati. Vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vilianza mwaka 1994, na kufikia mwaka 2000 tulikuwa na Televisheni ya Taifa, ambayo leo ni TBC. Kutoka Dar es Salaam matangazo yakasogea mkoa hadi mkoa, kama yalivyosogea mataruma ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912.

Hapa Ntalikwa tuliitazama televisheni kwa namna yetu. Zilikuwa ni zile zenye chogo, zilizonunuliwa mjini zikiwa zimekwisha kutumika, zikaendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa kwa baiskeli. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu, na kijana mmoja alikuwa na kazi ya kuuzungusha mti huo nje huku waliomo ndani wakimwelekeza kwa sauti mpaka picha itulie. Picha yenyewe ilikuwa na chenga. Usiku wa mvua chenga zilizidi hata mtangazaji akaonekana kama mtu aliyesimama ndani ya moshi wa tumbaku. Lakini sauti ilisikika, na wenye macho makali walijua huyu ni waziri gani na yule ni mchezaji gani. Mwenye televisheni aliitoa uani, watoto wakakaa mbele juu ya mkeka, akina mama nyuma yao, wanaume kwenye vigoda na magogo. Taarifa ya habari ilipokwisha, palikuwa na taarifa ya pili, nayo ni mjadala wetu wenyewe.

Ndipo ikaja amri ya kuhama. Haikutungwa Tabora wala Dar es Salaam. Mwaka 2006 mataifa mengi, yakikutana Geneva chini ya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, yalikubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya televisheni ya analojia yasipate tena ulinzi mipakani. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikajiwekea lengo la mapema zaidi, yaani mwisho wa mwaka 2012. Na usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ikazima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam, ikawa ya kwanza katika Jumuiya. Miji mingine ilifuata kwa awamu katika miaka iliyokuja, na mji wetu wa Tabora nao ukapata zamu yake.

Hatuna budi kusema kweli: sababu za kuhama zilikuwa nzuri. Njia ya hewani si shamba lisilo na mpaka. Katika analojia kila stesheni hukalia nafasi nzima peke yake, kama mtu mmoja aliyelala katika kitanda cha watu kumi. Katika dijitali nafasi ile ile huchukua stesheni kumi na zaidi, na picha huwa safi. Nafasi inayobaki yaweza kutumiwa na simu na intaneti. Mwenye akili timamu hawezi kulipinga jambo hilo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini msala huu haukuwa wa kupita, ulikuja kukaa. Swali letu halikuwa kama tuhame au tusihame. Lilikuwa swali la zamani la njia ya Ugogo: ni nani atakayelipa hongo?

Jibu lilikuja ndani ya sanduku dogo. Watu wakaliita king'amuzi, kutokana na kung'amua, yaani kutambua kilichofichika. Wataalamu wengine wakaliita kisimbuzi, kwa kuwa hufumbua mawimbi yaliyosimbwa. Maneno yote mawili ni mazuri, na yaonyesha kuwa Kiswahili hakishindwi kukipa jina chombo chochote. Lakini televisheni yenye chogo bila sanduku hilo ikageuka kuwa kabati la kuwekea vikombe. Kwa kaya ya Ntalikwa bei ya sanduku ilikuwa thamani ya gunia la mahindi na zaidi. Na kwa kuwa mawimbi ya mnara wa mjini hayatufikii vizuri sote, wengi wetu tulishauriwa na mafundi kununua ungo wa kunasa satelaiti. Ungo wa kupepetea mpunga waujua kila mama hapa, nao hausukwi kwa pesa nyingi. Ungo wa bati ukahitaji fundi wa kuuelekeza, na fundi akahitaji nauli na chakula.

Baada ya kununua, tuling'amua mambo mengine matatu ambayo hakuna aliyetueleza kabla.

La kwanza ni kwamba dijitali haina chenga. Yaonekana kuwa sifa, na kwa mtu wa mjini ni sifa. Lakini chenga zilikuwa huruma ya analojia kwa watu wa mbali: mawimbi yalipopungua, picha ilichakaa kidogo kidogo, na mtu aliendelea kusikia. Dijitali haichakai. Ama hukupa picha iliyokamilika, ama hukatika vipande vipande, ikaganda, kisha ikakuachia kioo cheusi chenye maandishi ya kusema hakuna mawimbi. Aliye pembezoni zamani alikuwa mtazamaji wa picha mbovu. Sasa aweza kuwa si mtazamaji kabisa.

La pili ni kifurushi. Kifurushi huhesabiwa kwa siku na kwa mwezi, na siku zake hupita hata kama umeme haupo au betri haijachajiwa. Mkulima wa Unyamwezi hapati mshahara wa mwezi. Fedha yake huja kwa msimu: anauza tumbaku sokoni kisha anasubiri malipo, anauza mpunga na karanga, anarina asali. Katika miezi baada ya mavuno king'amuzi huimba. Ifikapo Januari na Februari, palizi ikiwa imepamba moto na ghala likiwa linaona sakafu, kadi hunyamaza. Kwa hiyo twazijua habari za nchi yetu kwa msimu, kama tunavyoyajua maembe. Uchaguzi, bajeti, kipindupindu, bei ya mbolea, havingoji mavuno.

La tatu lilihusu chaneli za taifa. Tulielezwa kwamba chaneli za kitaifa zisizolipiwa zitabaki hata kifurushi kikiisha. Ndivyo kanuni ilivyokusudia, nasi twaisifu kanuni hiyo. Mzee mmoja wa kitongoji chetu aliposhikwa na kioo cheusi siku mbili baada ya kifurushi kwisha, alimpa mjukuu wake simu apige kwa kampuni iliyomwuzia. Kijana alisubiri huku muziki ukichezwa sikioni mwake mpaka salio likaisha. Mzee akasema, "Mjukuu wangu, zamani mtemi alipokuzuia njiani ulimwona uso, ukajadiliana naye. Huyu wa leo anakuzuia kwa ngoma." Tulicheka siku ile, lakini maneno yale hayakututoka. Kisha, mwezi Agosti 2018, ikabainika kwamba leseni za ving'amuzi vya kulipia vya satelaiti hazikuruhusu kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa, nazo zikaondolewa humo. Kisheria hoja ilieleweka: kilicho cha bure kisiuzwe. Lakini kwa mtu aliyekwisha kununua ungo kwa sababu mnara haumfikii, matokeo yalikuwa kwamba kile cha bure hakukipata wala kwa bure wala kwa kununua. Wengine wakaambiwa wanunue sanduku la pili. Nyumba moja, televisheni moja, masanduku mawili. Hata misafara ya pwani haikutozwa hongo mara mbili kwenye mlango mmoja.

Hatusemi haya kana kwamba ni sisi peke yetu ulimwenguni tuliolalamika. Wenzetu wa Kenya walikwenda mahakamani. Chama cha kutetea walaji kilipinga gharama za ving'amuzi, na uzimaji uliopangwa Nairobi ukaahirishwa. Mwezi Februari 2015 mvutano kati ya mamlaka na vyombo vikubwa vya habari ulifanya stesheni kadhaa ziwe gizani hadi mwezi Machi. Nchi nyingine zilitafuta dawa kabla ya ugonjwa. Marekani, iliyozima analojia ya stesheni kubwa tarehe 12 Juni 2009, iliwapa wananchi hati za punguzo, kila moja ya dola 40, hadi mbili kwa kaya, wanunulie masanduku. Uingereza, iliyomaliza mwezi Oktoba 2012, iliweka mpango maalumu wa kuwasaidia wazee wa miaka 75 na zaidi na watu wenye ulemavu. Meksiko iligawa mamilioni ya televisheni za dijitali kwa kaya maskini. Hizo ni nchi zenye fedha kuliko sisi, lakini tofauti yetu nazo si fedha tu. Zilikubali kwanza kwamba anayemlazimisha mtu kuhama hana budi kumsaidia kubeba mzigo.

Tena uhamaji ule ulizaa mali. Masafa yaliyoachwa na analojia ni hazina. Mwaka 2018 masafa ya megahezi 700 yalipigwa mnada hapa nchini kwa ajili ya mawasiliano ya simu. Hilo ni jema, kwa maana mawimbi hayo husafiri mbali na yaweza kuvifaa vijiji. Lakini yafaa tukumbuke kwamba yalipatikana kwa sababu mamilioni ya kaya zilikubali kuziweka kando televisheni zao za chogo au kuzinunulia masanduku. Kila kaya ilichangia kufungua hazina ile. Je, si haki basi sehemu yake irudi kwa mchangiaji, hasa yule wa pembezoni?

Pengine atatokea mtu wa kutuambia kwamba televisheni ni anasa, na kwamba kijiji chenye shida ya maji hakina haki ya kulilia picha. Twamheshimu, kwa kuwa ndivyo viongozi wetu walivyoona zamani. Lakini walipoikataa televisheni waliikatalia nchi nzima ya Bara, tajiri na maskini, na badala yake wakaijenga redio mpaka ikafika kila mahali. Hawakukipa kitu wachache huku wakiwaambia wengi kuwa ni anasa. Na hali imebadilika: leo hotuba, onyo la ugonjwa, mafunzo ya kilimo na masomo ya watoto hutolewa kwa picha. Kilichokuwa anasa kimekuwa barabara, na barabara haiishii kwenye lango la mji.

Mwingine atasema, vijana wana simu, watatazama humo. Ni kweli, baadhi yao hutazama. Lakini simu ni kioo cha mtu mmoja, nacho hununuliwa data kwa kipimo, kijiko kwa kijiko. Baraza la uani halikai ndani ya kiganja. Tangu kadi zianze kunyamaza, vijana wetu huenda kwenye kibanda umiza, watoe shilingi zao mlangoni, wabanane juu ya mabenchi kutazama mpira wa Ulaya na filamu za mbali. Hatuwalaumu, na mwenye kibanda anajitafutia riziki yake halali. Ila kibanda huonyesha kinachoingiza kiingilio, na taarifa ya habari haiingizi. Akina mama hawaendi kibandani, wala wazee. Hivyo kitu kilichokuwa kikitukutanisha kimetugawa kwa umri, kwa jinsia na kwa mfuko.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la bei na kuwa la utamaduni. Mwezi Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa imani kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu tu. Utamaduni hauishi katika majengo ya makumbusho peke yake. Huishi pale ambapo mtu wa Ntalikwa na mtu wa Mtwara wanasikia jambo moja usiku mmoja, kwa lugha moja, kisha kila mmoja analijadili kwao. Kiswahili kilipanda kutoka pwani hadi huku kwetu kwa miguu ya wapagazi, wala hakikutozwa kwa kila neno. Uhamaji wa dijitali ulibadilisha neno moja ambalo halikutajwa katika tangazo lolote: ulimchukua mwananchi ukamfanya mteja. Mwananchi ana haki ya kusikia. Mteja ana haki ya kusikia alicholipia. Mwananchi akikosa, taifa zima limepungukiwa. Mteja akikosa, huambiwa aongeze salio.

Tusemayo si kilio cha kutaka kurudi kwenye chenga. Mitambo ile imezimwa na haitawashwa. Twataka mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa nchi. Kwanza, mawimbi ya minara ya ardhini yafike vijijini, si kwenye makao makuu ya mikoa peke yake, na pale yasipoweza kufika, chaneli za taifa zipatikane kwa ungo bila kadi na bila kifurushi. Pili, sanduku la chaneli za bure liuzwe kama sanduku la chaneli za bure, lisiwe chambo cha kumvuta mtu kwenye malipo ya mwezi. Tatu, makampuni yamfikirie mkulima, yakubali alipe kwa msimu, na siku ahesabiwe zile alizotazama. Nne, kila badiliko lijalo, maana mengine yatakuja, lielezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka katika mkutano wa kijiji kabla ya mitambo kuzimwa, watu waulize na wajibiwe na mtu mwenye uso.

Watawala wa njia ya zamani walijua kwamba hongo ikizidi, misafara hutafuta njia nyingine, na nchi iliyokwepwa hubaki bila soko na bila habari. Habari za taifa nazo zaweza kutukwepa sisi tulio pembezoni, kimya kimya, kadi moja baada ya nyingine, mpaka siku taifa litakapotuita kwa jambo kubwa na kukuta kuwa vioo vyetu ni vyeusi. Mwenye mali na alipe hongo yake. Na habari za taifa mwenye mali ni taifa lenyewe.